Kujenga Mji Pamoja: Mafunzo ya Miji Mingine kwa Familia na Viongozi wa Lubudi



Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya familia zilizohama makwao na kwa wale wanaozipokea katika teritwari ya Lubudi: machifu, wakubwa wa mitaa, viongozi wa dini, walimu, vyama vya akina mama na vya vijana. Linaweza kusomwa kwa sauti katika kikao, kisha watu wakajadili maswali yaliyo mwishoni. Asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Anayesoma amsomee jirani yake.

Swali la somo ni hili: mji unapopokea watu wengi kwa muda mfupi, wenyeji na wageni watajengaje maisha bila mmoja kumwona mwenzake kuwa mwizi wa ardhi, maji na kazi? Swali hili si la Lubudi peke yake. Miji mingi duniani imelikabili, na mingine imejifunza kuulizana.

1. MAANA YA MPANGO JUMUISHI

Chukulia mfano. Shirika moja linachimba kisima katika mtaa wa wahamaji. Ni kazi njema. Lakini mtaa wa pili, ambako wenyeji hunywa maji ya mto, haukupata kitu. Baada ya miezi michache maneno yanaanza: "Wageni wanapendelewa." Mtoto wa mgeni anapigwa njiani akienda shuleni. Mama wa wenyeji anakatazwa kuteka maji. Kisima kilicholetwa kuponya kimeleta jeraha.

Kosa liko katika mpango. Aliyechimba aliangalia maji tu. Hakuangalia ardhi, shule, soko wala uhusiano wa majirani. Mpango jumuishi wa mji ni ule unaoyatazama mambo hayo yote kwa pamoja, na unaowakalisha watu wote katika kikao kimoja kabla ya kazi kuanza. Nao huitwa endelevu pale ambapo hauli leo mali ya kesho: hauharibu mto, haukati msitu wote kwa makaa, na haumalizi fedha za mgodi bila kuacha shule wala hospitali.

2. MIJI YA ULAYA ILIVYOJIFUNZA

Watu wengi hudhani miji ya Ulaya ilijengwa vizuri tangu mwanzo. Sivyo. Viwanda na migodi ilipofungwa, mitaa mingi ilibaki na watu wasio na kazi, nyumba mbovu na chuki baina ya wenyeji na wahamiaji. Umoja wa Ulaya ulianza kusaidia mitaa ya namna hiyo kwa mradi ulioitwa URBAN, kuanzia mwaka 1994. Kisha mwaka 2002 ulianzishwa mpango wa URBACT, ambao kazi yake ni kuiunganisha miji ili ifundishane. Mwaka 2007 mawaziri wa nchi za Umoja huo walikutana katika mji wa Leipzig, Ujerumani, wakakubaliana kwamba mji upangwe kwa njia jumuishi na kwamba mitaa iliyo maskini ipewe uangalizi wa pekee. Mapatano hayo yalifanywa upya mwaka 2020.

Njia ya URBACT ina mambo matatu ambayo hata mji mdogo unaweza kuyaiga.

Kwanza, kila mji huunda kikundi cha wenyeji. Ndani yake wamo watumishi wa serikali, wakazi, wafanyabiashara na vyama. Meya peke yake hatoshi.

Pili, kikundi hicho huandika mpango wa kazi: shida ni ipi, nani atafanya nini, lini, na kwa fedha gani.

Tatu, miji hutembeleana. Anayetembelea huona kwa macho yake yaliyofaulu na yaliyoshindikana, kisha hurudi kwao na kubadili mambo kulingana na hali yake.

Mfano mzuri ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Wakuu wa mji huo walichora ramani ya mitaa 67 iliyokuwa na uhitaji mkubwa zaidi. Kisha, kuanzia mwaka 2011, walitenga fedha kila mwaka kwa ajili ya miradi midogo inayobuniwa na vyama vya mitaa yenyewe. Chama kimoja hakikuweza kuomba peke yake; kilitakiwa kiwe na mwenzi. Sharti hilo dogo liliwalazimisha watu waliokuwa hawasalimiani kuketi pamoja. Baadaye miji mingine, kama Bari wa Italia na Lublin wa Poland, ilijifunza njia hiyo kutoka Lisbon na kuirekebisha kwa hali yake.

3. KARIBU NA NYUMBANI: MUKURU, NAIROBI

Tusifikiri kwamba elimu hii ni ya Wazungu tu. Nchini Kenya, mwaka 1996, wakazi wa mitaa ya mabanda iliyokuwa ikibomolewa waliunda Muungano wa Wanavijiji. Wao nao walijifunza kwa kutembeleana na wenzao maskini wa miji ya India na Afrika ya Kusini. Walirudi na mambo mawili: kuweka akiba kidogo kidogo kwa vikundi, na kujihesabu wenyewe. Kujihesabu ni kupita nyumba kwa nyumba na kuandika nani anaishi wapi, tangu lini, anafanya kazi gani, anapata maji wapi.

Kwa nini kujihesabu kuna nguvu? Kwa sababu mtu asiyeandikwa popote ni rahisi kufukuzwa. Afisa akisema, "Hapa hapana watu, ni wavamizi wachache tu," daftari la wakazi humjibu.

Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya Mukuru, yenye zaidi ya familia laki moja, kuwa eneo la mpango maalumu. Vyama, vyuo vikuu na idara za kaunti viligawana kazi: maji, afya, elimu, nyumba, barabara, sheria, fedha. Wakazi nao walipangwa katika vikundi vya nyumba kumi kumi vilivyoitwa Tujuane Tujengane. Vikundi kumi vilifanya kundi moja kubwa, na kila ngazi ilikuwa na mjumbe wake. Hivyo neno la mama muuza mboga liliweza kufika mezani kwa wapangaji.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwezi wa Novemba 2021, nyumba za maelfu ya watu katika Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Mpango mzuri haukuzuia tingatinga. Funzo lake ni chungu, nalo ni la lazima: karatasi ya mpango bila ulinzi wa sheria juu ya kiwanja haitoshi. Mpango na haki ya kukaa lazima viende pamoja.

4. HISTORIA YETU INATUFUNDISHA NINI?

Nchi ya Lubudi inajua kuishi na watu wa asili mbalimbali. Bunkeya, makao ya Mwami Msiri, ilikuwa katika karne ya 19 mji mkubwa wa biashara ya shaba na pembe za ndovu. Misafara ilifika kutoka pwani ya mashariki na kutoka Angola. Watu wa makabila mengi waliishi humo na kufanya biashara.

Lakini nchi hii inajua pia uchungu wa kufukuzana. Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi. Kwa miaka mingi kampuni, kwanza Union Minière na baadaye Gécamines, iliwapa wafanyakazi wake nyumba, shule, hospitali na posho ya unga. Mji ulimtegemea baba mmoja. Baba huyo alipodhoofika, hasa baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, watoto walianza kugombana. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko Katanga. Familia zililala kwenye stesheni kwa wiki na miezi zikingoja treni, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Treni za kwenda Kasai zilipita reli hiihii ya Lubudi. Wazee wangali wanakumbuka.

Hatutaji haya ili kufufua kinyongo. Tunayataja kwa sababu chuki ile haikuanguka kutoka mbinguni. Kazi zilipungua, na wanasiasa wakawaambia watu kwamba jirani ndiye aliyewanyang'anya. Hilo linaweza kurudi popote ambapo watu wengi wanakuja kutafuta riziki na mji hauna mpango wa kuwapokea.

Katika miaka ya karibuni, migodi yenyewe imekuwa chanzo cha kuhama. Mwaka 2014 mawe ya kobalti yaligunduliwa chini ya viwanja vya mtaa wa Kasulo, Kolwezi. Muda si mrefu watu walichimba uani na hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 serikali ya jimbo iliwahamisha wakazi wa sehemu ya mtaa huo, na eneo likazungushiwa ukuta na kuwekwa chini ya kampuni. Mwezi wa Septemba 2023, Amnesty International na shirika la Kolwezi liitwalo IBGDH walitoa taarifa iliyoonyesha familia zilizoondolewa makwao kwa ajili ya migodi bila kushauriwa inavyotakiwa wala kulipwa fidia ya haki. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Lakini nyasi zenye kujua sheria haziumii sawa na zisizojua.

5. SHERIA NA FEDHA AMBAZO KILA KIONGOZI AZIJUE

Kanuni ya Migodi ya Kongo ilirekebishwa mwezi wa Machi 2018. Inasema mrabaha unaolipwa na kampuni za migodi ugawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi ambako mgodi upo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi.

Teritwari ya Lubudi ina migodi, Fungurume ukiwemo. Kwa hiyo swali la "fedha zitatoka wapi?" lina jibu, angalau la sehemu. Swali linalobaki ni: nani anaketi mezani fedha hizo zinapopangwa? Kama wahamaji hawamo, mahitaji yao hayataandikwa. Kama wenyeji hawamo, wataona wameibiwa. Wote wawili wawemo.

Kwa upande wa wahamaji, Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 1998 Kanuni za Mwongozo kuhusu watu waliohama ndani ya nchi zao. Umoja wa Afrika nao ulipitisha Mkataba wa Kampala tarehe 23 Oktoba 2009. Yote mawili yanasema kwamba mhamaji wa ndani ni raia mwenye haki kamili, na kwamba anaweza kuchagua: kurudi kwao, kubaki alipo, au kwenda kwingine. Mhamaji hapewi kiwanja kwa huruma tu. Naye pia ana wajibu: kuheshimu chifu, kufuata taratibu za mahali na kushiriki kazi za pamoja.

6. HATUA TANO ZA KUANZIA

Hatua ya kwanza: undeni kikundi cha mtaa. Nusu wawe wenyeji, nusu wahamaji. Wanawake na vijana wasiwe wa kupamba orodha tu.

Hatua ya pili: jihesabuni. Daftari moja kwa nyumba kumi linatosha. Andikeni idadi ya watu, tarehe ya kufika, watoto walio shuleni na wasio shuleni, mahali pa kuteka maji. Msiandike kabila, halihitajiki kwa kuchimba kisima, na daftari kama hilo likiangukia mikono mibaya linaweza kuua. Daftari litunzwe na watu wawili, mmoja wa kila upande.

Hatua ya tatu: choreni ramani ya mtaa chini, kwa kijiti, mbele ya wote. Onyesheni mto, njia, visima, makaburi na mashamba. Makaburi na mashamba ya wenyeji yatajwe mapema, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Hatua ya nne: chagueni jambo moja litakalowafaa wote. Lisiwe la wageni tu wala la wenyeji tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatua ya tano: tembeleaneni. Watu wanne, wawili wa kila upande, waende Fungurume au Kolwezi kuona mtaa mwingine unavyofanya. Waulize pia palipokwama. Wakirudi, watoe taarifa mbele ya mtaa mzima. Anayetumwa na wenzake na asiyerudi na neno amekula nauli ya watu.

7. MASWALI YA KUJADILI

- Katika mtaa wetu, ni kitu gani kinachowagombanisha zaidi wenyeji na wahamaji: maji, ardhi, kazi, au maneno tu?
- Nani hajawahi kuketi katika kikao cha mtaa? Kwa nini?
- Tunajua kiasi cha mrabaha kilichofika katika sekta, komini au sheferi yetu mwaka uliopita? Tumwulize nani?
- Familia ikiambiwa ihame kwa ajili ya mgodi, ina karatasi gani ya kuonyesha kwamba inaishi hapo?
- Ni jambo gani moja tunaloweza kulianza kabla ya mvua, bila kungoja msaada?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Miji tuliyoitaja haikuanza na fedha nyingi; ilianza na watu waliokubali kuketi na jirani ambaye hawakumchagua. Tunawaomba mfanye hatua ya kwanza na ya pili kabla ya kikao kijacho, na mje na daftari lenu.