Kufufua Pikipiki Kuukuu Penye Hewa ya Chumvi

Nyuma ya nyumba nyingi za Ziwa la Ng'ombe, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, huonekana pikipiki iliyoegemezwa ukutani na kusahauliwa. Kuku hutagia chini yake, watoto huipanda wakijifanya madereva, na mwenyewe husema kila mara kwamba ataishughulikia mwezi ujao. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT katika pikipiki ndogo, na tangu hapo zimeenea sana kwa kazi ya bodaboda. Nazo zilizoachwa zimeongezeka vile vile. Baadhi ya hizo zilizoachwa ni mali nzuri iliyolala. Nyingine ni mtego wa kumalizia fedha. Mtu mwenye kibanda cha mabati uani, spana chache na akiba ndogo hana budi kujua tofauti yake kabla hajafungua hata nati moja.

Watu wengi huanzia kwenye rangi. Kijana hununua kopo la rangi nyekundu na karatasi za msasa, na baada ya juma moja tangi lang'aa na majirani wasifu. Injini bado haijaguswa, breki hazijafunguliwa, na fedha zimekwisha. Hapo amepata pambo la kuwekwa barazani. Rangi ni kazi ya mwisho.

Kazi ya kwanza haihitaji spana. Nambari iliyopigwa katika chuma cha fremu, karibu na shingo ya usukani, isomwe na kulinganishwa na ile iliyoandikwa katika kitabu cha usajili. Nambari ya injini nayo vivyo hivyo. Kumbukumbu za usajili ziko kwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012 ili kusimamia usafiri na usalama barabarani. Ikiwa nambari imekwanguliwa, au muuzaji asema kitabu kitafuata baadaye, mnunuzi na aende zake. Pikipiki ya wizi hata ikitengenezwa vizuri namna gani haitakuwa yake, na shilingi alizozitia humo hazitarudi.

Baada ya karatasi ni fremu. Hewa ya pwani hubeba chumvi, hasa wakati wa kusi, nayo chumvi hunyonya unyevu na kuukalisha juu ya chuma usiku na mchana. Ndiyo sababu pikipiki iliyolala miaka mitano Kisauni huliwa kuliko iliyolala miaka hiyo hiyo Machakos. Lakini iko kutu ya ngozi na iko kutu ya mfupa. Ya ngozi hutoka kwa brashi ya waya, na chini yake chuma ni kigumu. Ya mfupa hujulikana kwa kugonga taratibu kwa nyundo ndogo: palipo pazima hulia wazi, palipoliwa hutoa sauti iliyokufa, na pengine nyundo huacha bonde. Mahali pa kuchungua zaidi ni chini ya kiti, mahali betri ilipokaa na kuvuja asidi, na maungio ya mkono wa gurudumu la nyuma. Ikiwa kutu ya mfupa imefika karibu na shingo ya usukani, kazi iishie hapo na pikipiki iuzwe vipuri. Kuungaunga mahali pale kwa moto uani ni kumwandalia kaburi mtu atakayeipanda.

Aina ya pikipiki nayo ni jambo kubwa, kwa sababu ya vipuri. Mfano mzuri ni Honda CG125, iliyotoka Japani mwaka 1976. Waliobuni mashine hiyo waliona kwamba katika nchi nyingi pikipiki hupakizwa kuliko kiasi, hupitishwa vumbini, na mafuta yake hayabadilishwi kwa wakati. Kwa hiyo waliacha mnyororo mdogo wa kuendeshea vali juu ya injini, ambao huharibika upesi mafuta yakichafuka, wakarudia vijiti vya kusukumia vali, ufundi wa zamani lakini wenye subira. Silinda yake ina upana wa milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, nao mnyororo wa gurudumu ulifunikwa wote ndani ya kasha ili mchanga usiufikie. Pakistan wameendelea kuiunda mpaka miaka hii, na viwanda vya China vimeiga injini hiyo katika pikipiki nyingi ambazo leo ni bodaboda. Hivyo mwenye CG kuukuu aweza kupata ringi, vali na sahani za klachi katika maduka ya vipuri Mombasa. Ila achukue kipuri cha zamani mkononi akakipime na kipya, maana walioiga hawakuiga sawasawa kila mahali.

Sasa injini. Kosa lililoua injini nyingi ni kuipiga teke kwa nguvu siku ya kwanza. Pistoni iliyolala muda mrefu yaweza kuwa imegandamana na silinda, na nguvu huvunja ringi au meno ya gea. Plagi na itolewe, yamiminwe mafuta kidogo ya injini yaliyochanganywa na mafuta ya taa katika tundu lake, na iachwe siku tatu au nne. Kisha pikipiki itiwe gea ya juu kabisa, na gurudumu la nyuma lisukumwe mbele na nyuma kwa mikono, polepole, mpaka pistoni itakapokubali. Mafuta ya chini yamwagwe na kutazamwa: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na injini haina budi kufunguliwa. Mafuta hayo machafu yakusanywe katika debe. Ardhi ya Kisauni ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na yamwagwayo uani leo hushuka mpaka katika visima ambavyo majirani huteka.

Bolti za chuma zilizoingia katika bodi ya injini, ambayo ni ya alumini, huwa ngumu mno pwani. Madini mawili ya namna mbali mbali yakiguswa na maji ya chumvi hufanya kama betri ndogo, na alumini huliwa mpaka unga wake unashikana na bolti. Fundi mwenye haraka huikata kichwa. Mwenye subira huitia mafuta mepesi, huigonga kichwani kidogo kidogo, hungoja hadi kesho, kisha huijaribu kwanza kwa upande wa kukaza ndipo kwa upande wa kulegeza. Wakati wa kurudisha, kila bolti ipakwe grisi.

Katika kabureta petroli ya zamani hugeuka gundi na kuziba vitundu. Visichokolewe kwa waya, kwa kuwa vimetobolewa kwa kipimo na waya huvipanua. Uzi wa mshipi wa nailoni, ule wa wavuvi, hupita bila kukwangua shaba. Kisha vipulizwe.

Tangi la petroli ndilo la kuogopwa kuliko vyote. Wengi hudhani kwamba tangi tupu halina hatari. Kinyume chake ndiyo kweli, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa mchanganyiko huo. Kwa hiyo tangi lililotoboka lisiguswe kwa moto wa kuchomelea nyumbani, hata likioshwa mara ngapi, wala lisifunguliwe karibu na jiko la makaa au mtu avutaye sigara. Katika mtaa ambao nyumba zimesongamana, kosa la mtu mmoja huchoma za watu kumi. Kutu iliyomo ndani yaweza kutolewa bila moto: baada ya petroli yote kumwagwa na tangi kuoshwa kwa maji na sabuni, lijazwe siki na kuachwa siku moja au mbili. Ni kazi ile ile ambayo akina mama hufanya wanaposugua sinia la shaba kwa ukwaju. Ukali wa tunda ndio ulao kutu. Likiisha kuwa safi, lisukutuliwe kwa maji yaliyoyeyushwa magadi ili ukali wa siki ufe, likaushwe juani mara moja, na lipakwe mafuta ndani; la sivyo kutu mpya itaonekana kabla ya siku kwisha.

Kisha breki, ambazo katika pikipiki za zamani hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo, kwa kuwa breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta maradhi baada ya miaka mingi. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Vibanio vilivyokwisha, au vilivyolowa grisi, vitupwe, visioshwe na kurudishwa. Waya wa breki ya mbele ukiwa umekatika hata unyuzi mmoja, ununuliwe mpya. Matairi yenye nyufa pembeni hayafai, japo meno yake ni mazima. Vitu hivi havionekani na wapita njia, na kwa hiyo ndivyo watu huvifanyia ubahili; lakini barabara ya kutoka Kisauni kwenda daraja la Nyali ina matatu, mikokoteni na watoto wa shule, na pikipiki ifanyayo kazi hubeba mtu mwingine nyuma ambaye hakuulizwa habari za breki.

Katika umeme, mara nyingi si koili iliyokufa bali ni maungio ya nyaya yaliyoota ukungu wa kijani. Yasuguliwe yang'ae, yapakwe grisi kidogo, na cheche ijaribiwe plagi ikiwa imelazwa juu ya chuma cha injini, mbali na petroli. Ikitoka ya buluu, vema.

Ndipo ije rangi, na wakati wake ni kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Chuma kilichopigwa msasa kipakwe rangi ya kwanza siku ile ile, kwa kuwa kikilala wazi usiku mmoja asubuhi kimeshaanza wekundu.

Safari ya kwanza iwe fupi, bila abiria, katika njia ya mtaani, na breki zijaribiwe kwa mwendo wa mtu atembeaye kabla ya kuongeza kasi. Akirudi, dereva akaze tena kila nati, maana mtikisiko hulegeza zilizofungwa upya. Mafuta ya injini yabadilishwe baada ya kilomita mia chache, nayo yatatoka meusi yakiwa na mabaki ya miaka yote ile. Mvua ya kusi ikianza, pikipiki ioshwe kwa maji baridi ya kisima kisicho na chumvi, ifutwe, na ilale ndani ya kibanda juu ya ubao, wala si juu ya mchanga.