Usiuze kabureta kabla hujauliza maswali haya matatu

Leo somo ni kabureta ya mashine ndogo za petroli, yaani pampu za maji na jenereta. Hata kama huuzi spea, kama biashara yako inategemea mashine hizi, soma mpaka mwisho. Hela nyingi zinapotea hapa.

Mimi nina duka dogo la spea hapa Hale. Shule niliishia kidato cha nne, na ufundi sijasomea popote. Nilianza kuuza spea kama mtu anavyouza sabuni: mteja akitaja jina, natoa kwenye shelfu, napokea hela.

Kiangazi kimoja alikuja mama anayelima mchicha na bamia kando ya Mto Pangani. Pampu yake ilikuwa inatoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi. Fundi alishamwambia kabureta imekufa. Sikumuuliza kitu. Nikampa mpya, akalipa 35,000, akaenda.

Siku ya nne akarudi. Kabureta mpya imefungwa, moshi ni ule ule. Mimi haraka nikamwonyesha bango ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, sijaja kudai hela. Nimekuja unieleze nilinunua nini."

Nikakosa jibu. Nilimuuzia kitu nisichokijua.

Jioni ile nikamwomba ile kabureta ya zamani, nikaifungua juu ya kaunta, kipande kimoja kimoja. Nilichokielewa ndicho nawapa leo.

KABURETA INAFANYA NINI?

Petroli ikiwa maji maji haiwaki vizuri ndani ya injini. Lazima igeuzwe ukungu na ichanganywe na hewa kwa kipimo. Kwa hesabu, kilo 1 ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Ukigeuza kuwa ujazo, lita 1 ya petroli inahitaji takribani lita 9,000 za hewa. Hayo ni madumu 450 ya lita 20! Kwa hiyo mashine yako inakula hewa kuliko kitu kingine chochote. Petroli ni kama chumvi kwenye mboga. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa mchanganyiko unatokeaje? Pistoni ikishuka inavuta hewa. Hewa inapita kwenye chujio, halafu inaingia kwenye koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati. Wote tunaujua mto wetu: ukibanwa na mawe, maji yanakwenda mbio. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Na hewa ikikimbia pale penye wembamba, msukumo wake unapungua. Mwitaliano aitwaye Venturi aliandika juu ya jambo hili mwaka 1797, na mpaka leo koo lile linaitwa venturi.

Chini ya koo kuna bakuli la petroli. Ndani yake kuna boya. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma sindano inayoziba njia. Ikipungua, boya linashuka, njia inafunguka. Ni kama lile boya la tanki la choo, hakuna uchawi.

Kutoka kwenye bakuli petroli inapanda juu kwa kupitia jeti, kiskrubu cha shaba chenye tundu lisilofika hata milimita moja. Inapandaje bila pampu? Hewa ya nje inakandamiza petroli iliyo kwenye bakuli, na kule kooni msukumo ni mdogo, basi petroli inapanda na kutawanyika kuwa ukungu. Ukitaka kuamini, chukua mrija, usimamishe kwenye glasi ya maji, kisha tumia mrija mwingine kupuliza hewa kwa nguvu kukatiza mdomo wa ule wa kwanza. Maji yatapanda na kuruka kama manyunyu. Hiyo ndiyo kabureta.

Vimebaki vibati viwili vya kuzunguka. Kimoja kiko upande wa injini, kinaongeza na kupunguza mwendo. Kingine ni choki, kiko upande wa chujio. Ukifunga choki unainyima mashine hewa, kwa hiyo mvuto kooni unakuwa mkubwa na petroli inapanda nyingi. Hiyo inasaidia kuwasha mashine ikiwa ya baridi. Ikishapata moto lazima ufungue, la sivyo inatoa moshi mweusi na kunywa mafuta.

Hapo ndipo nilipojishika kichwa. Moshi mweusi na kunywa mafuta ni yale yale aliyoniambia yule mama! Kama choki yake iko wazi, basi kuna kitu kingine kinachofunga hewa.

Asubuhi nikaenda shambani kwake. Nikafungua kifuniko cha chujio la hewa. Sponji ilikuwa nyeusi, imejaa vumbi na oili, imekuwa kama udongo. Tuliifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukaikausha, tukaipaka oili safi kidogo na kuikamua. Pampu ikawaka, moshi ukaisha. Hata kabureta yake ya zamani, tulipoirudishia, ilifanya kazi vizuri.

Chujio lililoziba ni choki isiyofunguka. Ungebadilisha kabureta kumi, moshi usingeisha.

Hela yake nilimrudishia yote. Lakini matuta mawili ya mchicha yalikuwa yameshakauka kwa siku zile nne. Hayo sikuweza kumrudishia.

MASWALI MATATU

Toka siku ile, mteja akitaka kabureta namuuliza kwanza:

1. Moshi una rangi gani?
Ukiwa mweusi na plagi ina masizi makavu, petroli imezidi hewa. Anza na chujio, kisha choki. Kama petroli inadondoka chini ya kabureta, angalia boya na sindano yake. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Huo si ugonjwa wa kabureta kabisa, usimuuzie.

2. Ukifungua choki inazima?
Kama inakubali kwa choki tu, au inapanda na kushuka yenyewe, petroli haitoshi. Legeza kifuniko cha tanki kwanza. Mashine ikichangamka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Kisha angalia jeti, na gaskiti iliyo kati ya kabureta na injini, maana ikipasuka hewa inaingia kwa mlango wa nyuma.

3. Ilikaa muda gani bila kuwashwa?
Petroli ikilala miezi kwenye bakuli inakuwa kama gundi na kuziba jeti. Hapo dawa ni kusafisha. Funga koki, fungua bolti ya chini ya bakuli, mwaga petroli mbali na moto na sigara. Jeti izibue kwa upepo au unyuzi mmoja wa waya laini wa shaba. Usitumie sindano ya chuma! Ukipanua tundu kidogo tu, kipimo kimeharibika, na hapo ndipo atahitaji jeti mpya kweli.

Nyongeza kwa wenye wateja wa milimani: pampu inayofanya vizuri huku kwetu bondeni inaweza kutoa moshi ikipandishwa Lushoto, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi, lakini jeti ni ile ile, kwa hiyo petroli inazidi. Nguvu nayo hupungua karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Mweleze mteja mapema, asije akadhani umempa mashine mbovu.

FAIDA IKO WAPI?

Najua mtu atasema, ukiuliza maswali mengi utauza nini? Ni kweli kabureta nauza chache kuliko zamani. Ila nauza machujio, gaskiti, plagi na jeti, vitu vya bei ndogo vinavyotoka kila siku. Na mtu uliyemwambia "usinunue, kafue sponji kwanza" anarudi akiwa na shida nyingine.

Bango langu nimeling'oa. Kwenye kaunta nimeacha ile kabureta mpya niliyoirudisha, imefunguliwa wazi. Mteja akiuliza ananunua nini, namwonyesha kwa kidole.

Wewe kwenye duka lako, kuna bidhaa gani unaiuza kila siku ila mteja akikuuliza inafanyaje kazi utakosa jibu? Anza na hiyo wiki hii.