Mbwa wa Nyumbani, Hatua za Mzee na Kinga ya Kisukari

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kipili ikiwa mojawapo, mbwa hufugwa kwa kazi. Hulinda nyumba usiku na hufukuza wanyama waharibifu shambani. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja mbwa kuwa msaada kwa afya ya mwenye nyumba. Hata hivyo, watafiti wa nchi kadhaa wamechunguza uhusiano uliopo kati ya kufuga mbwa na hatari ya ugonjwa wa kisukari, hasa kwa watu wenye umri mkubwa. Somo hili linaeleza uhusiano huo, mipaka yake, na tahadhari zinazompasa kila mfugaji wa kata hii.

Kwa nini umri huongeza hatari

Chakula cha wanga, kama ugali, wali au mihogo, kikisagwa tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa kichocheo kiitwacho insulini, ambacho huwezesha sukari hiyo kuingia katika misuli na viungo vingine ili itumike kama nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili hauitikii insulini ipasavyo, na kongosho hushindwa hatua kwa hatua kutoa kiasi kinachohitajika. Sukari hubaki katika damu, na kwa miaka mingi huharibu mishipa, macho, figo na neva za miguu.

Misuli ndiyo mtumiaji mkubwa wa sukari mwilini. Mtu anapozeeka misuli hupungua, na asipoitumia hupungua haraka zaidi. Mvuvi aliyeziachia nyavu mikono ya wanawe, au mkulima aliyekabidhi jembe kwa wajukuu, hupoteza ghafla kazi iliyokuwa ikiilinda misuli yake kwa miaka arobaini. Mlo wake lakini haubadiliki. Sahani ya ugali ni ileile, na chai ina vijiko vilevile vya sukari. Safari aliyoizoea kwa miguu sasa huifanya kwa bodaboda. Hapo ndipo hatari huingia bila kubisha hodi.

Hali ya Tanzania imebadilika

Zamani kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wenye fedha na wakazi wa mijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta ugonjwa huu kwa watu wasiofikia 1 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wakiwa na kiwango cha sukari cha kisukari. Tafiti hizi mbili hazikufanana kwa umri wala kwa namna ya kupima, hivyo haifai kuzilinganisha namba kwa namba. Zinatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba ugonjwa huu si mgeni tena nchini.

Habari njema ni kwamba unaweza kuzuiwa, hata uzeeni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 waliokuwa na sukari ya juu kuliko kawaida lakini hawajafikia kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi, hasa kutembea kwa kasi, kwa dakika 150 kila wiki. Katika kundi hilo hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa wenye miaka 60 na zaidi ilipungua kwa asilimia 71. Wazee ndio walionufaika kuliko wote.

Mbwa anahusikaje?

Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017 ulilinganisha watu wa miaka 65 na zaidi wenye mbwa na wenzao wasio na mbwa. Wenye mbwa walitembea dakika 22 zaidi kwa siku. Dakika 22 zikizidishwa kwa siku saba ni dakika 154, yaani zaidi kidogo ya zile 150 zilizotajwa hapo juu. Sababu yake haifichiki: mbwa wa huko hukaa ndani, na ni lazima mwenyewe amtoe kila siku, awe anataka au hataki.

Utafiti mwingine, wa Uswidi, ulitolewa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ. Ulikuta kwamba wafugaji ambao mbwa wao walikuwa na kisukari walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa takriban asilimia 38, ya kupata kisukari cha aina ya pili kuliko wafugaji wa mbwa wasio na ugonjwa huo. Kwa paka uhusiano huo haukuonekana. Kisukari hakiambukizi, wala hakitoki kwa mnyama kwenda kwa mtu. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba mbwa na mwenyewe hushiriki maisha: nyumba ambamo watu hawatembei, mbwa naye hatembei.

Kwa hiyo kumiliki mbwa si dawa. Tena, huenda baadhi ya wazee hufuga mbwa kwa sababu tayari wana afya ya kuwawezesha kutembea. Kinachokinga ni hatua za miguu. Mbwa anayezurura peke yake kijijini hamwongezei mwenyewe hata hatua moja. Humwongezea ugomvi na majirani.

Mzee wa Kipili afanyeje?

Mzee mwenye mbwa anaweza kumfunga kamba na kutembea naye asubuhi na jioni, wakati joto la ziwani limepungua. Dakika 10 hadi 15 kila mara zinatosha kuanzia. Mwendo uwe wa kumwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Asiyefuga mbwa, kwa sababu ya imani, nafasi au hofu, hapungukiwi na kitu: kuchunga mbuzi, kulima bustani, au kwenda kwa miguu sokoni na kwenye nyumba ya ibada hufanya kazi ileile.

Mwendo uambatane na mlo. Dona ni bora kuliko sembe, na samaki au dagaa wakiandamana na mboga za majani huwezesha sahani ya ugali kuwa ndogo bila mtu kubaki na njaa. Soda na sukari ya chai vipunguzwe.

Mzee ambaye tayari ana kisukari azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuongeza mazoezi. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari abebe pipi au sukari kidogo, kwani kutetemeka, jasho jingi na kizunguzungu njiani huweza kuashiria kwamba sukari imeshuka mno. Avae viatu vilivyofunika vidole, na kila jioni akague nyayo, kwa kuwa mguu wenye ganzi huumia bila mwenyewe kuhisi.

Chanjo kwanza

Faida yote hiyo hugeuka hasara ikiwa mbwa hajachanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo. Mbwa anapaswa kuchanjwa kila mwaka, na afisa mifugo ndiye wa kuulizwa kuhusu ratiba.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo. Asipake majani, mafuta wala majivu. Kwa mwenye kisukari jeraha la mbwa ni la hatari maradufu, kwa sababu vidonda vyake huchelewa kupona na huoza kwa urahisi.

Kupima mapema

Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, uchovu, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu na vidonda visivyopona ni dalili za kumpeleka mtu kupimwa. Lakini wengi hukaa na ugonjwa kwa miaka bila dalili yoyote. Kipimo kinachochukuliwa asubuhi kabla ya kula, kikifika 7.0 au zaidi na kuthibitishwa kwa kurudiwa, huashiria kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na ndiyo hali ambayo mwendo na mlo bora huweza kuirudisha nyuma.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni nani katika kaya aliyeacha kazi ya mikono, na sasa hutembea dakika ngapi kwa siku?
2. Mbwa wa nyumbani alichanjwa lini, na mchana hukaa wapi?
3. Mzee wa kaya alipimwa sukari lini kwa mara ya mwisho?
4. Ni safari gani ya bodaboda ambayo kesho inaweza kufanywa kwa miguu?