Mkono Mmoja Haulei Mwana: Haki Tatu za Mtoto Asomaye

Katika darsa hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Mamboleo, na Kisumu kwa jumla, hudhani limekwisha pale mtoto akishavishwa sare na kupelekwa shule. Jambo hilo ni kusoma kwa mtoto.

Yatupasa tujue kwanza ya kuwa kwenda shule ni kitu kimoja, na kusoma ni kitu kingine. Serikali ya Kenya iliondoa ada za shule za msingi mwaka 2003, na watoto wakajaa madarasani. Kisha, tangu mwaka 2009, watu wa Uwezo wakawa wakipita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto wa miaka 6 mpaka 16 kwa kisomo na hesabu za darasa la pili. Katika upimaji wa mwaka 2011 ilionekana kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kazi ya darasa la pili. Hao wengine walikuwa na sare, na madaftari, na majina yao yaliitwa kila asubuhi. Zingatieni pia kwamba kipimo hicho kilifanywa nyumbani, wala si shuleni. Mzazi akapata kuliona kwa macho yake lile ambalo hakuwahi kuliuliza.

Basi mtoto ana haki tatu: haki juu ya nyumba, haki juu ya shule, na haki juu ya mtaa. Ikipotea moja, mbili zilizobaki huelemewa.

Ama haki ya nyumba ndiyo ya kwanza. Qur'ani imetueleza habari za Luqman akimkalisha mwanawe na kumwaidhi. Haikutwambia kwamba alimtafutia mtu wa kumwaidhia. Labda mama auzaye omena sokoni Kibuye atasema: "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Jawabu yetu ni kwamba kusikiliza hakutaki cheti. Mtoto na akae baada ya chakula cha usiku, asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha aulizwe amesoma nini. Akikwama atasikika, na asiyejua maana ya alichosoma atajulikana. Sisi Waislamu hatuna udhuru katika hili, kwani mama zetu wangapi hawakujua kuandika, lakini walitudurusisha juzuu zetu kila jioni, na tulipobabaika walijua?

Haki ya pili ni ya shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaweza kumtoza mzazi asiyempeleka mtoto shule faini isiyozidi shilingi 30,000, au kumfunga muda usiozidi mwaka mmoja. Lakini sheria hiyo hiyo imewapa wazazi nafasi sita za kuchaguliwa katika halmashauri ya shule, na ikaweka chama cha wazazi. Twasikia watu wakiitaja adhabu, viti hawavitaji. Mwalimu mkuu naye asiwaite wazazi siku ya michango na siku ya makosa tu. Awaite awaonyeshe mtoto amefika wapi na amekwama wapi. Ama mtaala uliosambazwa nchini mwaka 2019 badala ya ule wa 8-4-4, wamhesabu mzazi kuwa mshirika katika masomo. Malalamiko juu ya gharama za vifaa na kuchapisha karatasi yana haki yake, na mahali pa kuyapeleka ni katika chama hicho. Lakini mzazi asimfanyie mtoto kazi yake, kwani hapo aliyesoma ni mzazi.

Haki ya tatu ni ya mtaa. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wananchi wa Kenya walijenga shule nyingi za sekondari kwa harambee, watu wengi wakichangia walichokipata kwa jasho. Sisi leo hatuombwi matofali. Twaombwa mwenye mashua asimchukue mvulana ziwani usiku wa kuamkia siku ya shule. Mwenye duka asimtume mtoto wa jirani saa ya masomo. Na msikiti wenye taa uache mlango wazi baina ya Magharibi na Isha. Mtaa wetu umepata uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 2021. Je, mtoto awe na pa kuchezea asiwe na pa kusomea?

Wako wasemao kwamba shule si yetu, na kwamba hatuwezi kukaa kikao kimoja na watu wa kanisani. Hao na warejee sira. Wapokezi wametaja kwamba mateka wa Badr waliojua kuandika, Mtume (S.A.W.) aliwakubalia wajikomboe kwa kuwafunza watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Waalimu wale hawakuwa Waislamu, tena jana yake walikuwa maadui vitani. Na jirani yetu si adui. Umma uliokuwa masikini uliacha fidia ya mali ukachagua kalamu.

Basi ndugu zetu, tuanze usiku wa leo kwa ukurasa mmoja. Muhula huu twende katika mkutano wa wazazi, tukaulize juu ya kisomo kabla ya kuuliza juu ya michango. Na kila anayemwona mtoto wa mwenzake njiani saa ya shule, asipite kimya. Wabillahi taufiq.