Siku 30 za Kuamia Mpunga Uwandani Kano

Kila msimu mpunga wa Ahero unapoanza kutoa masuke, swali huzuka upya kwenye matuta: mkulima hawezi kupata kibunduki kidogo, cha risasi ya .22 au hata cha hewa, awamalize hawa kweleakwelea? Aulizaye ana haki ya kuumia. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini anaweza kula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku, na hapo hujahesabu punje anazozikwanyua zikadondoka majini. Kundi la ndege 10,000 si kubwa kwa jamii yake, na kwa hesabu hiyo linaondoka na kilo 100 kwa siku. Shika suke walilopitia uliangalie kwa karibu: maganda bado yapo, yamebanwa katikati, na utomvu mweupe wa punje umekaukia juu yake. Kwa mbali shamba laonekana zima. Siku ya kupura ndipo mtu anapogundua kwamba alikuwa akimwagilia makapi.

Hata hivyo bunduki siyo dawa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na silaha yoyote ya moto bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni kesi ya jinai kabla hujafyatua hata risasi moja. Gobore la kuchongwa na fundi ni kesi hiyo hiyo, na linaweza kukulipukia usoni. Tuseme basi cheti unacho. Risasi ya .22, ambayo wengi huiona ya kuchezea, husafiri zaidi ya kilomita moja, na uwanda wa Kano ni tambarare kabisa: nyuma ya kila kundi la ndege kuna bomba la maji, njia ya wanafunzi, au barabara kuu ya Kisumu kwenda Nairobi. Halafu utaua ndege mmoja kati ya maelfu kumi. Ndege huyo si hasara kwa kundi. Hasara ya kundi ni kukosa mahali pa kutua kwa utulivu, na hiyo unaweza kuisababisha kwa vifaa vya bei ya chai na mandazi.

Kwanza jua siku zako. Mpunga hauhitaji mlinzi miezi yote minne. Unamhitaji wakati wa kusia mbegu, kisha tangu punje zinapojaa maziwa, wiki moja hivi baada ya kuchanua, hadi zinapokuwa ngumu. Kutoka kuchanua hadi kuvuna ni kama siku 30. Hela na nguvu zako zote za kuamia ziweke hapo. Na ndani ya siku yenyewe ndege wana ratiba yao: wanatoka malaloni alfajiri, wanakula kwa pupa mpaka kama saa nne, jua likiwa kali wanakwenda kunywa maji na kupumzika vichakani, kisha wanarudi kuanzia saa tisa alasiri hadi giza linapokaribia. Mlinzi anayefika shambani saa nne asubuhi kwa sababu amepitia sokoni amekuja kuwaaga tu.

Sasa kombeo. Hiki ndicho kifaa ninachotaka ukitengeneze vizuri, kwa vipimo, kwa sababu wengi hukisokota ovyo kisha wakasema hakifanyi kazi.

Kamba ni mbili, na kila moja iwe na urefu wa kuanzia kwapani hadi ncha za vidole vyako mwenyewe, yaani sentimita 65 hadi 75 kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kombeo refu hurusha mbali zaidi, ila ni zito kupakia na hukosea shabaha. Fupi hupakiwa upesi. Ukiwa juu ya dungu unaweza kuongeza kidogo, lakini ukisimama kwenye tuta, mpunga ukikufika kiunoni, kamba ndefu itayafyeka masuke yako mwenyewe. Katani iliyosukwa nyuzi tatu ndiyo bora. Nailoni ya kutengenezea nyavu haiozi, lakini inateleza vidoleni ikilowa na inachoma ngozi ukiivuta kwa kasi. Ukiamua kuitumia, ifunge mafundo mawili matatu karibu na mwisho ili vidole vipate pa kushika.

Mfuko wa katikati uwe wa ngozi, wa ukubwa wa kiganja, sentimita 12 kwa 7. Ulimi wa kiatu kikuukuu unatosha, na katika soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili hutakosa kiatu cha kukata. Watu wengi hukimbilia tyubu ya baiskeli. Mimi siipendi: raba hunyumbuka, na ule mnyumbuko huchelewesha tonge la udongo kutoka, likaangukia miguuni pako au kichwani kwa jirani. Toboa tundu dogo katikati ya ngozi ili tonge likae palepale bila kuviringika.

Ncha moja ifunge kitanzi kinachoingia kidole cha kati. Ya pili ipige fundo, ulishike kati ya kidole gumba na cha shahada. Hilo fundo ndilo unaloliachia. Baada ya fundo acha mkia wa katani uliofumuliwa, sentimita 10 hivi: ukiikatiza kamba ghafla mwishoni mwa mzunguko, mkia hualika kwa mlio mkali unaofika mwisho wa jaruba. Mwamiaji aliyezoea huamia nusu saa nzima kwa mlio peke yake, asitumie hata tonge moja.

Ndiyo, nasema tonge wala si jiwe. Jiwe linalobaki shambani litakutana na mundu, au na meno ya mashine ya kuvunia, na hapo utalipa gharama ambayo ndege hawakukutoza. Udongo mweusi wa Kano hapa ni neema. Ukande na maji kidogo, uviringe matonge ya ukubwa wa ndimu, uyaanike kivulini siku mbili tatu. Juani hupasuka, kwa kuwa udongo huu hunywea sana ukikauka. Yote yawe sawa kwa uzito, pima kwa mkono, lenye shaka liviringe upya. Tonge likiwa jepesi leo na zito kesho, mkono wako hautajifunza umbali. Likigonga maji au shina hupasuka na kurudi kuwa shamba.

Kurusha kwenyewe ni kuzungusha wima kando ya bega, mzunguko mmoja na nusu, kisha kuachia fundo. Kuzungusha mara sita hewani ni mbwembwe na kunachosha bega. Usilenge ndege; lenga anga mbele ya kundi wakati linapogeuka kutafuta pa kutua, ili tonge na mlio viwapokee. Wakishatua na kutawanyika ndani ya mpunga, kazi huwa ngumu mara tatu. Mjifunzie wiki moja kabla, kwenye jaruba lililovunwa, na kila mmoja ajue upande ambao hatupi: upande wa njia na upande wa nyumba.

Dungu liwe na sakafu ya mita mbili juu ya tuta, nguzo nne za mkaratusi, na kivuli cha makuti au gunia. Angalia kwanza kundi linatokea wapi asubuhi. Ukanda wa Kano Magharibi uko karibu na ziwa, na ndege hulala kwenye matete na mafunjo ya ufukweni, kwa hiyo ukilijenga upande huo utawawahi wakiingia, na alasiri jua litakuwa mgongoni pako. Kutoka kwenye dungu tandaza kamba zenye mikebe ya bati na kokoto ndani, uwe unazivuta ukiwa umekaa. Utepe wa kaseti kuukuu ukikazwa huku umepindwa kidogo huvuma kwenye upepo wa ziwa na kumeta juani. Vyote hivi, pamoja na sanamu la mtu, vihamishe kila baada ya siku tatu nne, maana ndege huzoea. Mtu mmoja mwenye dungu na kombeo zuri anatosha ekari moja, mbili akiwa hodari. Ekari nne ni watu wawili hodari kwa pamoja.

Jambo la radi nalisema kwa msisitizo. Bonde la Ziwa Victoria lina ngurumo nyingi, na alasiri za mvua mtu aliye juu ya dungu ndiye mrefu kuliko vyote uwandani. Ngurumo ya kwanza ikisikika, ashuke na kuondoka. Ndege nao hawali kwenye mvua kubwa. Na asiingie majini miguu mitupu kufuata kamba iliyokatika, kichocho kipo. Mnunulie gambuti.

Na mlinzi huyo awe mtu mzima anayelipwa. Desturi ya kumtoa mtoto shule mwezi mzima akapigie ndege kelele inaniudhi kwa dhati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka awe darasani, na malipo ya kibarua kwa siku 30 hayafiki thamani ya kilichopotea shule. Yaingize kwenye hesabu ya msimu pamoja na mbolea.

Kombeo hata hivyo halitamsaidia mkulima aliyepanda peke yake. Jaruba linalochanua wiki tatu kabla au baada ya majirani hupokea ndege wote wa eneo. Maji ya Ahero yanapandishwa kwa pampu kutoka mto Nyando, na ya Kano Magharibi kutoka ziwani, hivyo maji yakichelewa watu hupanda kwa kusuasua, kila mtu na siku yake. Kaeni kikao cha bloku kabla ya kitalu, mkubaliane wiki moja ya kupandikiza na mbegu zinazoiva pamoja. Fyekeni pia nyasi za mifereji kabla hazijatoa mbegu, kwa sababu mbegu za nyasi ndicho chakula cha asili cha kweleakwelea, na ndicho kinachowaita kwanza.

Mkiona malalo makubwa, msiyachome. Matete na mafunjo yana ndege wengine na mazalia ya samaki. Mwelezeni afisa wa kilimo wa wadi mahali halisi na saa wanapoingia. Januari 2023, makundi yalipovamia mpunga wa Kisumu, serikali ilinyunyiza fenthion. Hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu. Haichagui kweleakwelea, na mwewe au bundi akimla ndege anayekufa naye anaweza kufa. Kukinyunyizwa karibu nanyi, kaeni ndani, ondoeni mifugo, na msiokote ndege waliokufa kwa kitoweo, hata kama jirani ameokota. Nyavu kuukuu za uvuvi juu ya kitalu si mbaya zikiwa za uzi mnene unaoonekana na zikikaguliwa asubuhi na jioni. Zile za uzi mmoja wa plastiki humnasa korongo-taji na mdiria, wasio na kosa lolote.

Toa maji jarubani siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna, na masuke yakigeuka rangi ya majani makavu kwa sehemu nane kati ya kumi, vuna. Usingoje mashine ya bei nafuu wiki moja zaidi. Mpunga ukishatandazwa kwenye turubai, mnana na njiwa huja badala ya kweleakwelea, kwa hiyo mwamiaji usimwachishe kazi mpaka gunia la mwisho lishonwe.