SOMO LA VIKUNDI: Maua ya Kisasa Katika Dirisha la Hoteli



Wengi wetu tulijifunzia kanisani kupanga maua. Tunajua kujaza chombo cha madhabahuni mpaka kiwe kama mlima, maua yote yakitazama waumini, na nyuma pakibaki mashina matupu. Basi mwenye hoteli moja hapa Naivasha alipotuomba tumpambie dirisha la mbele, tulimfanyia vivyo hivyo. Tuliweka waridi, kaneshoni na majani mpaka ndani hakuonekani. Siku ya tatu akatuita. "Akina mama, wateja wangu wanakula wakitazama mgongo wa maua, na maua yenyewe yameshakufa." Akatupa wiki mbili turekebishe, la sivyo atafute watu wengine. Pesa hizo ndizo tulizotegemea kulipia watoto karo, kwa hiyo tulikaa chini tukajifunza upya.

Dirisha si madhabahu. Linatazamwa pande mbili: mpita njia yuko nje na mlaji yuko ndani. Tena mpita njia hana muda, anatupa jicho mara moja tu na kuendelea. Akikuta maua hamsini yaliyosongamana haoni hata moja. Akikuta matatu yaliyosimama vizuri, anayaona. Hiyo ndiyo mitindo ya kisasa: maua machache na nafasi kati yake. Wajapani, katika sanaa yao ya ikebana, huiheshimu nafasi tupu kama vile wanavyoliheshimu ua.

Siku hizi tunatumia chungu cha kawaida cha udongo, kirefu kama sentimita 30. Shina refu kuliko yote hupanda sentimita 45 hivi juu ya mdomo wake. Tunapenda lile ua la rangi ya chungwa na buluu lenye umbo la kichwa cha ndege. Matatu yanatosha, kila moja likielekea upande wake, na jani moja pana chini. Kisha tunatoka nje, tunavuka barabara na kutazama tukiwa ng'ambo. Mara nyingi tukirudi tunapunguza kitu. Kushikilia mashina, kunja kipande cha wavu wa kuku ukitie ndani ya chungu. Ile sifongo ya kijani inayouzwa madukani ni plastiki, nayo humomonyoka kuwa vipande visivyooza.

Sasa, kwa nini maua yetu yalikufa? Kumbe dirisha lile linatazama magharibi, na kuanzia saa nane mchana kioo kinawaka. Tuliomba meza isogezwe nyuma kama hatua moja, basi. Jambo la pili lilitushangaza: kando ya maua palikuwa na kikapu cha ndizi na maembe. Matunda yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huzeesha maua, na kaneshoni ndizo huumia upesi. Kikapu kikahamia kaunta.

Maji nayo yana kazi. Kata shina kwa mshazari, kwa kisu kikali, na uondoe kila jani litakalozama majini, maana litaoza. Kwa lita moja ya maji tia kijiko kidogo cha sukari na matone machache ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Sukari ni chakula cha ua; dawa huua bakteria wanaoziba shina. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila mara ukate shina kidogo tena.

Pale penye chakula tuwe waangalifu. Oleanda ina sumu, isikaribie meza. Minyaa ile ya ua wa boma ina umbo zuri, lakini utomvu wake huunguza macho. Na mafunjo tusiyakate ziwani hata kama yanapendeza vipi: ndiyo yanayochuja matope yasiingie ziwani.

Maua tunayafunga kwa magazeti yenye unyevu, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka wa 2017. Tunafika hotelini Jumatatu asubuhi kabla ya wateja wa chai, na Alhamisi mmoja wetu anapita kukagua. Yule mwenye hoteli bado anatupa kazi, ingawa hadi leo kabla hajalipa lazima kwanza atoke nje avuke barabara.