Vidokezo 6 kwa Aliyeuguza Mzee Wake Hadi Mwisho

Baada ya kiharusi, Bibi yetu alilala kitandani miaka minne. Kila usiku saa nane niliamka kumgeuza ubavu asipate vidonda. Tulipomzika, wiki nzima niliendelea kuamka saa nane. Kama nawe umetoka kuuguza na sasa umefiwa, haya ni yako.

1. Shusha pumzi, si dhambi. Ukijikuta unasema "afadhali amepumzika", hujamkosea. Ulichoka kumwona akiteseka, hukumchoka yeye.

2. Usikubali kuambiwa "si mlishajiandaa?" Kuuguza si kujiandaa. Ulimlilia siku aliposhindwa kusimama, ukamlilia siku aliposahau jina lako, na sasa unamlilia tena. Mwenye kovu usidhani kapoa.

3. Toka jikoni. Msibani, aliyeuguza ndiye huyo huyo anayepakua wali na kutafuta sufuria. Hapana. Keti jamvini upewe pole. Majirani wapike, shemeji ashike daftari la rambirambi, na watani waje na vituko vyao. Ukicheka, cheka, ndiyo kazi waliyoijia.

4. Shughulikia karatasi mapema. Tanzania Bara, kifo huandikishwa ndani ya siku 30. Kama alifia nyumbani, anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha fuatilia cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili. Bila cheti hicho, mambo ya benki na mirathi hukwama. Mpeni kazi hiyo mjukuu mmoja mwenye subira.

5. Usigawe dawa zilizobaki. Hata kama jirani ana dalili zile zile, dawa aliandikiwa marehemu. Zirudishe kituo cha afya, hasa mofini na dawa nyingine kali za maumivu. Kiti cha magurudumu kikiwa kizima, kitafutie mwenye shida nacho, mtaani hakosekani.

6. Matanga yakishaanuliwa, uliza habari za marehemu alipokuwa mzima. Turubai likishushwa na wageni wakiondoka, ndipo nyumba inapokuwa kubwa. Siku hizo ugonjwa hutaka kukufunikia kumbukumbu zote, ukabaki unaona kitanda tu. Waite shangazi na wajomba, chemsheni chai, waambie wasimulie.

Mimi nilifanya hivyo. Wakati wa kuuguza, kila asubuhi nilikuwa nikiunyoosha mkono wa kulia wa Bibi, kidole kimoja kimoja, na ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Shangazi akanisimulia jinsi mkono ule ulivyokuna nazi kumi kwa kikao kimoja juu ya mbuzi, kwa ajili ya wali wa harusi ya huyo shangazi, huku Bibi akiwafukuza kuku kwa mguu. Usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri.